Kabla hujamwita mvivu, muulize kama ubao anauona

Juni mwaka jana, shule zilipofungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, tulikwenda familia nzima kuangalia vichekesho vya jukwaani. Lilikuwa wazo la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Tiketi alinunua yeye, viti vya nyuma kabisa kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vya bei nafuu. Tulikuwa sita: dada, shemeji, watoto wao watatu na mimi.

Safari ile nusura ife. Siku tatu kabla, kijana wao mkubwa, wakati huo akiwa kidato cha pili, alirudi na ripoti ya shule. Hisabati alama 14. Fizikia 19. Kemia 22. Chini mwalimu wa darasa ameandika kwa kalamu nyekundu: “Hana umakini. Ajitahidi.”

Shemeji alisoma ile ripoti akiwa amesimama, akaiweka juu ya friji, akasema mtu mwenye alama 14 hana la kucheka, abaki nyumbani. Dada akamsihi: “Baba, twende naye tu. Ya ripoti tutayamaliza tukirudi.” Tukaenda naye, lakini ndani ya gari hakuna aliyemsemesha.

Naandika haya kwa ruhusa ya kijana mwenyewe. Alinipa sharti moja, kwamba jina lake nisilitaje.

Alicheka baada ya wengine

Katikati ya onyesho, mchekeshaji mmoja alipanda jukwaani na kuigiza bila kusema neno. Aliigiza konda aliyening'inia mlangoni mwa daladala iliyojaa, kisha abiria aliyebeba kuku, kisha kuku mwenyewe. Ukumbi ulivunjika mbavu. Shemeji, ambaye alikuwa amenuna tangu nyumbani, alicheka mpaka akavua kofia.

Kijana alikuwa amekaa kushoto kwangu. Niliona anageuka kututazama sisi kwanza, halafu ndipo anacheka. Mara ya kwanza sikujali. Mara ya pili nikaanza kumwangalia yeye badala ya jukwaa. Mara ya tatu aliniinamia akaninong'oneza: “Mamdogo, amefanya nini?”

“Kwani huoni?”

“Namwona mtu amesimama.”

“Ameshika nini?”

Alikunja macho, akasogeza shingo mbele. “Begi?”

Alikuwa ameshika kuku wa plastiki, kamning'iniza miguu juu. Nyuma yake kulikuwa na bango lenye jina la onyesho, kila herufi kubwa kama sahani ya wali. Nikamwambia anisomee. Alinyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, kama mtu anayekiri kosa: “Kuna maandishi, ila sijui yameandikwa nini.”

Mdogo wake wa darasa la nne, aliyekaa kiti cha pili kutoka kwake, aliyasoma yote bila kuombwa.

Sasa ngoja nikiri na langu. Huu ni mwaka wa nne naandika habari za afya. Nimeandika kuhusu mtoto wa jicho kwa wazee, kuhusu kisukari kinavyoharibu macho, nimekaa kwenye semina zaidi ya moja za waandishi juu ya afya ya macho. Na nyumba hii naingia karibu kila Jumapili. Nilimwona kijana huyu akisogea mbele ya televisheni mpaka mama yake anamfukuza. Nilimwona akikunja macho. Nami nilikuwa mmoja wa waliosema, “Huyu mtoto simu imemharibu.”

Daftari lilikuwa linasema siku zote

Usiku ule tuliporudi, niliomba daftari lake la hisabati na nikaazima la jirani yao, msichana wanayesoma naye darasa moja. Nikayaweka mezani, ukurasa wa tarehe moja kwa tarehe ileile.

Msichana ameandika 3, kijana ameandika 8. Msichana ana alama ya kutoa, kijana hana alama yoyote. Palipo na kipeo cha pili, kile kitarakimu kidogo kinachokaa juu, yeye hakukiandika kabisa. Swali la tano na la sita hayapo. Chini ya swali la nne kuna mstari uliokatika, kama mtu aliyechoka njiani.

Hesabu zenyewe alizifanya. Alichukua swali alilolinakili vibaya na kulikokotoa vizuri, akapata jibu sahihi la swali ambalo mwalimu hakuuliza. Akapigwa kosa. Jioni anapokaa mezani kufanya kazi ya shule, anafanya maswali yasiyokuwapo, na baba yake anayejaribu kumsaidia anakasirika kwa sababu hayaingii akilini.

Kisha nikaitazama upya ile ripoti iliyokuwa juu ya friji. Kiswahili alikuwa na 61. Historia 58. Nikamuuliza walimu wa masomo hayo wanafundishaje. “Wanasoma, sisi tunaandika,” akasema. Na hisabati? “Ubaoni.”

Darasa lao lina wanafunzi wengi, na yeye ni mrefu. Tangu kidato cha kwanza amekaa safu ya nyuma ili asiwazibe wenzake.

Wazazi, naomba mlitazame hilo vizuri, kwa sababu ndipo tulipopotea sisi wote. Kabla ya siku ile, familia ilikuwa imeshalipa miezi miwili ya tuisheni. Simu alinyang'anywa. Fimbo zilipita. Kila hatua ilichukuliwa kwa mapenzi na kwa kuumia, na kila hatua ilikuwa jibu la swali lingine kabisa. Mwalimu wa tuisheni naye, bahati mbaya, alikuwa na ubao.

“Nilidhani wote wanaona hivyo”

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Jibu lake bado ninalo: “Nilidhani kila mtu anaona hivyo, mamdogo. Nilijua wenzangu wana akili za kukisia kuliko mimi.”

Mtoto hana jicho lingine la kulinganisha na lake. Kama ukungu ulikuja pole pole, kwake ukungu ndiyo dunia. Ndiyo maana ni nadra mtoto kuja kukwambia “sioni”. Atasema kichwa kinauma, atasema mwalimu anaandika haraka, atasema somo gumu. Au hatasema kitu, atakuwa mkimya na wewe utamwita mjeuri.

Alikuwa amejifunza kuishi na hali ile. Kituoni daladala alizitambua kwa mstari wa rangi ubavuni na kwa sauti ya konda, si kwa maandishi. Shuleni aliangalia kwa jirani yake, na mara mbili aliadhibiwa kwa kunakili. Mpira aliacha akiwa darasa la sita, akasema hapendi tena.

Kilichotuponza zaidi ni simu. Tulijiambia, mtoto anayesoma meseji zenye herufi kama sisimizi hawezi kuwa na shida ya macho. Kumbe tatizo lake ni la umbali. Cha karibu alikiona vizuri kabisa.

Jicho linafanya nini hapo

Jumatano iliyofuata dada alimpeleka kupimwa, nami nikaomba ruhusa kazini nikaenda nao.

Kipimo cha kwanza ni kile cha kusoma herufi ukutani ukiwa umekaa umbali wa mita sita. Alisoma herufi moja tu, ile kubwa ya juu kabisa. Kipimo hicho huandikwa 6/60. Maana yake, kitu ambacho mwenye macho mazuri angekiona akiwa mita 60, yeye anahitaji asogee mpaka mita sita. Dada alidhani anatania. “Soma vizuri, mwanangu,” alimwambia, mpaka mtaalamu akamwomba anyamaze.

Alitiwa matone ya kulegeza misuli ya jicho, ili kipimo kisidanganywe na juhudi za mtoto kukaza macho. Ukipeleka wako, usishtuke baadaye akilalamika kwamba mwanga unamuumiza na maandishi ya karibu yana ukungu. Huchukua muda, mara nyingi saa kadhaa, kisha hali hurudi kama kawaida. Siku hiyo usimrudishe darasani.

Jicho la kulia lilikuwa na hasi tatu, la kushoto hasi tatu na robo. Mtu wa hasi tatu anaona vizuri bila miwani mpaka kama sentimita 33 kutoka usoni, yaani kutoka jichoni hadi kwenye daftari lililo mezani. Zaidi ya hapo ukungu unaanza, na unazidi kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Ubao wake ulikuwa mita saba.

Kitaalamu hali hii inaitwa mayopia. Mara nyingi mboni ya jicho inakuwa imerefuka kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo mwanga unakutana kabla haujafika kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Lenzi ya miwani inausogeza mwanga urudi mahali pake. Hakuna dawa ya kunywa, ya kupaka wala ya kudondosha itakayoufupisha urefu wa jicho.

Kwa watoto wengi huanza wakiwa shule ya msingi na kuongezeka kadiri wanavyokua, hasa miaka ya balehe. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa wa tano darasani akiwa la nne anaweza “kubadilika” akifika sekondari, na sisi tukatafuta sababu kwa marafiki wabaya.

Si jambo la familia moja. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana matatizo ya kuona, na kati yao wasiopungua bilioni moja wana tatizo ambalo lingezuilika au ambalo halijashughulikiwa. Ndani ya hiyo bilioni moja wamo wanaohitaji miwani tu.

Na miwani inabadilisha alama? Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika katika shule za msingi 252 magharibi mwa China, kwa watoto waliokuwa na tatizo hili. Watoto wa shule walizopewa miwani bure walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa hisabati kuliko wale ambao hawakupewa. Hawakuongezewa kipindi wala mwalimu.

Vita ya pili: kuivaa

Niliposema habari ya miwani, nilitarajia furaha. Kwa siku chache ilikuwepo. Siku ya kwanza, kituoni, alisoma “Gongo la Mboto – Makumbusho” gari likiwa bado mbali, akalisoma tena kwa sauti, kisha akageuka kumtazama mama yake. Dada alijifanya anatafuta nauli kwenye mkoba.

Wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, dada aliikuta miwani ndani ya soksi, chini ya begi. Shuleni walikuwa wanamwita “babu” na “profesa”. Msichana mmoja alicheka, na kwa kijana wa miaka 15 hiyo inatosha.

Hili nalo halikuanzia kwetu. Utafiti uliofanyika katika shule za sekondari hapahapa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008 ulilinganisha wanafunzi waliopewa miwani bure na waliopewa cheti tu cha kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, waliopewa bure, chini ya nusu ndio walikuwa wameivaa au wanayo shuleni. Waliopewa cheti, walikuwa kama robo tu. Kwa hiyo mzazi, usidhani kazi imekwisha ukishalipa dukani.

Kwetu yalisaidia mambo manne. La kwanza, fremu ya mwanzo alikuwa amechaguliwa na mama yake, kwa sababu ilikuwa imara. Tulirudi wakatubadilishia, akachagua mwenyewe nyeusi nyembamba ya bei ileile. La pili, dada alikwenda kwa mwalimu wa darasa na karatasi ya vipimo, bila kulalamika. Mwalimu akamhamishia kiti cha mbele pembeni, asipowaziba wenzake, na akazungumza na darasa kuhusu utani ule. La tatu, shemeji, ambaye huficha miwani yake ya kusomea kwenye droo ya gari, alianza kuivaa mezani mbele ya watoto.

La nne ni kwamba baba yake alimwomba radhi.

Sikuwepo. Dada ndiye aliyenisimulia. Anasema shemeji alikaa kitandani kwa mtoto, akamwambia: “Zile fimbo za hisabati nilikosea. Nisamehe, mwanangu.” Kijana akajibu, “Yameisha, baba,” akageukia ukutani. Hakuna aliyelia. Kesho yake asubuhi alitoka chumbani akiwa na miwani usoni.

Maneno ya mtaani

Kila nilipomsimulia mtu habari hii, nilipewa ushauri. Huu ndio uliorudiwa zaidi.

“Miwani inaharibu macho, akianza hataacha.” Si kweli. Miwani iliyopimwa sawasawa hailegezi jicho. Namba inaongezeka kwa sababu mtoto anakua, na ingeongezeka hata asingevaa. Anayezoea ni akili, ambayo sasa imejua kuona vizuri ni nini, kama vile mtu aliyezoea godoro asivyopenda tena mkeka.

“Mpe miwani yenye nguvu ndogo, jicho lijitahidi.” Hapana. Mtoto avae namba iliyopimwa.

“Anunue ya barabarani, ni rahisi.” Ile inayouzwa mezani sokoni mara nyingi ni ya kusomea kwa watu wazima, ambayo ni kinyume kabisa cha anachohitaji mtoto asiyeona mbali.

“Kuna matone duka la dawa.” Hapa naomba tuwe wakali. Baadhi ya matone ya macho yana steroidi, ambazo zikitumika bila usimamizi zinaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuleta madhara ya kudumu. Usimtie mtoto tone lolote ambalo hakuandikiwa.

“Karoti.” Karoti ni chakula kizuri na upungufu wa vitamini A ni hatari kwa macho ya watoto wadogo. Lakini karoti haifupishi jicho lililorefuka.

Lipo moja la wazee ambalo utafiti umeliunga mkono: “Mtoto akacheze nje.” Guangzhou, China, watafiti walichukua shule 12, nusu yake wakaongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, katika shule zilizoongezewa, kama watoto 30 kati ya 100 walikuwa wamepata mayopia, wakati katika shule nyingine walikuwa karibu 40. Kwa hiyo mchana mtoto wako mdogo akikuomba kwenda uwanjani, mruhusu. Kwa aliyekwisha kuipata, kucheza nje hakuondoi haja ya miwani.

Mpime leo kabla hajalala

Huna haja ya mashine ili upate shaka. Tundika kalenda ukutani, panga hatua sita kubwa, mwambie afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, asome. Kisha jicho la pili. Wasimamishe ndugu wawili watatu mmoja baada ya mwingine, na wewe mwenyewe usome. Mmoja akishindwa kile wenzake wanachokisoma, au jicho moja likitofautiana na lingine, mpeleke kwa wataalamu. Kumbuka hili ni jaribio la kukupa shaka tu. Hata akisoma yote, kama dalili zipo, mpeleke.

Dalili zenyewe ni hizi: anakunja macho au kuinamisha kichwa upande akitazama mbali, anasogelea televisheni, anaumwa kichwa mara kwa mara baada ya shule, daftari lake lina makosa ya kunakili, anafanya vizuri masomo ya kusikiliza na vibaya ya ubaoni, anapitwa na watu anaowafahamu barabarani bila kuwasalimu, nawe unaambiwa hana adabu.

Kuna dalili ambazo hazisubiri mwisho wa mwezi: weupe ndani ya mboni ya jicho, hata ukiuona kwenye picha tu ya simu iliyopigwa kwa mwanga, makengeza yaliyoanza ghafla, jicho linalouma na kuwa jekundu huku uoni unapungua, au pigo la jiwe, kijiti au mpira. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa Dar es Salaam wengi wetu tunaijua CCBRT pale Msasani na kliniki ya macho ya Muhimbili. Kaskazini ipo KCMC mjini Moshi, na Kanda ya Ziwa ipo Bugando, Mwanza. Lakini si lazima uanzie huko. Uliza kwanza hospitali ya wilaya au ya mkoa wako siku za kliniki ya macho. Uliza pia gharama ya kupima na ya miwani kila moja peke yake, na kama una bima, uliza inalipia nini kabla hujachagua fremu. Akishapata miwani, arudi kupimwa kila mwaka, maana bado anakua.

Na kama macho ni mazima?

Basi usirudi kwenye fimbo. Endelea kutafuta.

Muite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo, uone kama anasikia. Masikio yaliyowahi kutoka usaha yanaweza kuwa hayasikii vizuri. Hesabu saa zake za kulala. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa nane hadi kumi kwa siku kwa mwenye miaka 13 hadi 18, na mtoto anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, akalala saa tano usiku, ana saa tano tu. Uliza anakula nini kabla ya saa nne asubuhi. Kwa binti, uliza siku zake zinakwendaje, kama anatoka damu nyingi, kama ana pedi za kutosha. Uliza kama kuna anayemtisha njiani au shuleni. Na wapo watoto wenye akili nzuri ambao herufi zenyewe zinawachanganya, wanaohitaji kufundishwa kwa njia nyingine.

Uvivu upo, sikatai. Ila uwe wa mwisho kwenye orodha.

Na mtoe mtoto nje. Si lazima iwe ukumbi wa tiketi. Ngoma ya harusi mtaani, mechi ya ndondo, kwaya ya Jumapili, vyote vinatosha. Nyumbani tumezoea kumwona mtoto akiwa ameinamia kitu kilicho karibu, sahani, simu, daftari. Mkienda mahali ambapo wote mnatazama kitu kimoja cha mbali, mara moja moja geuka umtazame yeye.

Januari matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yalitoka. Kijana wetu hakuwa wa kwanza, wala wa kumi. Miaka ya kuandika maswali nusu haifutiki kwa miezi mitano. Hisabati alipata D. Lakini amevuka kwenda kidato cha tatu, na dada alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kuna mgeni gani.

Mwezi uliopita shemeji alinunua tena tiketi, viti vilevile vya nyuma. Yule mchekeshaji alirudi na kuku wake. Safari hii kijana alicheka kabla yangu, akanigusa bega: “Mamdogo, umeona? Kamfunga kamba mguu mmoja tu.”

Mimi sikuwa nimeiona ile kamba. Jumatatu nilikwenda kupima macho yangu.

Tukutane wiki ijayo.